Wimbo Uliomwozesha Bhoke

Iringo, Musoma
Jumamosi jioni

Mwanangu, shikamoo.

Salamu hiyo nimeifuta na kuiandika upya, kwa sababu mama hamwamkii mwanawe, na binti hamwiti baba yake mwanangu. Lakini mimi kwako ni yote mawili na sikuulizwa. Tangu nilipopewa jina la mama yako, Nyangeta, ambaye sikuwahi kumwona, wewe hujaniita kwa jina hilo hata siku moja. Unaniita Mama. "Mama, njoo ule." "Mama, viatu gani hivyo?" Na tukienda Butiama ndiyo basi kabisa. Wazee wenye mvi wananipisha kiti, na Shangazi Wegesa, dada yako, ambaye kijiji kizima kinamwogopa, ananililia kama mtoto: "Mama, umekuja mikono mitupu? Mimi mwanao nitakula nini?" Watu wanacheka, mimi natazama chini na kutamani ardhi inimeze.

Leo asubuhi Shangazi amepiga simu. Hakutaka kuongea na wewe, alinitaka mimi.

"Mama, mwanao anaondoka kesho. Umemwambia neno?"

"Bado, Shangazi."

"Shangazi ndiyo nani? Sikiliza. Huyo mtoto alipoendaga seminari ulikuwa mgonjwa, hukumwambia kitu. Aliondoka hivyo hivyo na hakukukuta hai tena. Safari hii usimwache hivyo."

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini? Wewe unanyamazaga tu kama jiwe."

Ni kweli nanyamazaga. Kwa hiyo nakuandikia. Habari za chandarua, za kutokula barabarani na za kuvaa sweta asubuhi, Mama, mkeo, amekwisha kukwambia jikoni na atakwambia tena kesho, sitazigusa. Nataka kukwambia neno moja tu, ila neno lenyewe ni refu.

Nimekusikia leo mchana. Ulidhani nimeenda kwa jirani. Ulimwambia Mama, "Labda nimpigie yule mkuu wa shule wa Bunda, nimwambie nimepata udhuru. Wale watoto watanicheka." Mama akasema, "Wakucheke basi, kwani itakuwa mara ya kwanza?" akaendelea kuosha mchele. Alikuwa anakutania, lakini wewe hukucheka. Ulitoka ukaingia studio yako hapo nyuma ya duka, ukafunga mlango, na sikusikia kinanda.

Chumba umekwisha kupata Kabasa, hapo hapo Bunda. Shule ya wasichana inakusubiri Jumatatu ukawafundishe, muhula mzima, jinsi muziki wa filamu unavyofanya kazi na jinsi unavyotungwa. Begi lako liko mlangoni. Na mwenyewe uko studio, unatafuta udhuru.

Mwanangu, mimi nilikuwa mwanafunzi wako. Wewe ulikuwa unatazama ubao na mimi nilikuwa natazama darasa, kwa hiyo nimeona vitu ambavyo wewe hukuviona. Pia nimekosea vitu ambavyo sipendi wewe ukavikosee tena Bunda.

Unakumbuka Ijumaa ya kwanza ya klabu yetu ya filamu pale shuleni kwetu? Ulikuja na shati ulilovaaga kwenye harusi ukiwapigia kwaya. Ukaandika ubaoni: ngazi ya meja ni furaha, ngazi ya maina ni huzuni. Ukapiga kinanda mfano wa hii na mfano wa ile. Mimi niliandika na kuipigia mstari kwa rula. Ndipo Bhoke akanyoosha mkono. Unamjua Bhoke, sauti yake inafika mpaka ofisi ya walimu.

"Mwalimu, samahani. Kwetu msibani kwaya inaimbaga nyimbo za meja, na watu wanalia mpaka wanaanguka. Sasa hapo vipi?"

Darasa zima likasema, "Eeeeh!"

Wewe ukasema, "Tuendelee."

Nilifurahi uliposema tuendelee. Swali la Bhoke lilikuwa limeniharibia ukurasa. Napenda vitabu kwa sababu havinibishii, na nilitaka muziki nao ukae kimya kwenye mistari, furaha huku, huzuni kule. Imenichukua muda mrefu kuelewa kwamba siku ile somo lilikuja lenyewe, likasimama katikati ya darasa, na mimi na wewe tukaliruka. Maana Bhoke alikuwa sahihi. Ule wimbo wa msibani hauna huzuni ndani ya noti zake. Huzuni inatoka kwetu, kwa sababu tumeusikia tukiwa tumemzunguka mtu tuliyempenda. Ukienda Bunda, ukaulizwa swali ambalo hulijui, usiseme tuendelee. Kaa hapo hapo. Mwambie aliyeuliza aimbe huo wimbo.

Lakini usifikiri nakumbuka mabaya tu. Nakumbuka ile siku ya umeme.

Ulikuwa umetoka Murangi kurekodi kwaya, ukarudi na picha uliyoichukua kwa simu ufukweni: mama mmoja anamwaga dagaa juu ya nyavu na kuwatandaza kwa mikono ili wakauke. Basi, hakuna kingine. Ukatuonyesha kwenye kompyuta na kushikilia noti moja nzito ya chini kwenye kinanda. "Anaambiwa mtoto amezama," mtu akasema, na hakuna aliyebisha. Ukarudisha picha mwanzo, ukapiga ngoma za haraka. Tukaanza kucheka, tukasema mvua inakuja, anawahi dagaa wasilowe. Mama yule yule, mikono ile ile. Ulikuwa unajiandaa kupiga ya tatu, umeme ukakatika. Kinanda kikafa, spika zikafa, kompyuta ikaendelea na betri yake na kasauti kake kadogo. Tulisogea wote mpaka tukabanana. Tukasikia kandambili zake kwenye mchanga. Tukasikia dagaa wanavyomwagika kama mchele mkavu. Akakohoa kidogo.

Bhoke akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Sasa ndiyo namwona mwenyewe."

Wewe ulikuwa unahangaika na waya, unasema, "Samahanini jamani, samahanini." Mwanangu, ulikuwa unaomba radhi kwa somo zuri kuliko yote uliyotufundisha. Sisi hatukutaka umeme urudi. Tangu siku ile, nikitazama filamu yoyote, swali langu la kwanza ni kama hapo muziki unahitajika kweli, au mtungaji ameogopa kutuacha peke yetu na yule mtu.

Na wewe unaogopa, tuseme ukweli. Wale watengeneza filamu wa mjini wakija studio wanakwambia, "Fundi, weka muziki wa huzuni," nawe unaumimina kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayemwagia wali mchuzi mpaka wali hauonekani. Ulituambia hivyo mwenyewe, ukacheka. Halafu ukatufundisha vingine: kuitazama picha bila sauti huku kidole kikigonga dawati, mpaka tuupate mwendo wake. Kumpa mtu wa kwenye filamu kimelodi kifupi, chake mwenyewe, ambacho hata mtoto anaweza kukipiga mluzi, kisha kukibadilisha yeye anapobadilika: kikiwa polepole anapochoka, kikipungukiwa noti ya mwisho anapokuwa hajui la kufanya. Na lile uliloniambia mimi peke yangu, nilipoleta kazi yangu ya kwanza: "Mama, muziki wako unaingia kabla huyu dada hajaamua. Unamsemea. Mwache aamue kwanza kwa macho, ndipo umfuate." Nililiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Bado nafikiri ni la maisha pia, lakini sitaki kukuhubiria.

Haya. Sasa Butiama. Najua hutaki, na mimi sitaki, lakini hatutavuka bila kupita hapo.

Filamu yetu iliyochukuliwa nyumbani kwa Shangazi ilikuwa fupi na ya wazi. Msichana anaposwa. Wageni wanakaa na baba yake, wanaongea, wanakunywa. Yeye hasemi kitu. Alfajiri anachukua sanduku la bati, anatoka langoni, anaenda shule. Bhoke ndiye aliyeigiza. Ile sehemu ya langoni haikuwa na neno hata moja, muziki ndio ulitakiwa kusema kila kitu, na muziki ule niliuchagua mimi.

Kuna mzee jirani ya Shangazi anayepigaga litungu jioni, lile lake la nyuzi nane. Nilikuwa nimemrekodi likizo nikiwa nimesimama nyuma ya ua. Ulikuwa wimbo mwepesi, unatembea, una furaha ambayo haipigi kelele. Nikakuletea, ukasema, "Mama, huu ndio wenyewe," ukaweka besi kidogo chini yake. Hukuniuliza ni wimbo wa nini kwa sababu uliamini nimeuliza. Na mimi sikumwuliza mzee kwa sababu niliona aibu. Ningesimama vipi mbele yake, niamkie, nianze kujieleza? Niliona ni rahisi zaidi kubaki nyuma ya ua na simu yangu.

Ukajaa ukumbi wa parokia Jumapili ile tulipoionyesha, baada ya misa, vitenge vimefunika madirisha, Shangazi kakaa mbele kama mwenye sherehe. Nilisikia kina mama wakiguna wageni walipokuwa wanaongea na baba wa msichana. Kisha ikawa alfajiri, Bhoke akabeba sanduku, akafika langoni, litungu likaingia.

Na ukumbi ukalipuka vigelegele.

"Wameingia!" bibi mmoja alipiga kelele. "Ng'ombe wameingia!"

"Wangapi?" mwanamume akauliza kutoka nyuma.

"Kahesabu mwenyewe zizini, wewe si mjomba wake?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mama mmoja akainuka kucheza mbele ya shuka tulilotundika la kuonyeshea filamu, kivuli chake kikapita juu ya uso wa Bhoke. Bhoke wa kweli alikuwa amekaa pembeni yangu. Akaninong'oneza, "Nyangeta, umeniozesha. Na mahari umekula wewe." Wewe ukazima projekta. Sikuona uso wako kwa sababu kulikuwa na giza, lakini niliona jinsi ulivyokuwa unakunja waya, kwa haraka, kama mtu anayekusanya nguo mvua inapoanza.

Nje, Shangazi alinishika mkono. "Mama, wewe ndiye wa kunifundisha mimi, sasa leo nikufundishe. Wimbo ule unapigwaga ng'ombe wa mahari wakiingia zizini. Binti akiusikia anajua kwamba huyo si wa hapa tena. Unamsindikizaje mtoto shule kwa wimbo wa mahari?" Nina jina la bibi wa Butiama na sijui nyimbo za Butiama. Na wewe ulilelewa seminari, kwenye nyimbo za Kilatini. Kosa lile wangeweza kulifanya watu kama sisi tu: wenyeji wasiojua kwao.

Shuleni walimwita Bhoke Bi Harusi mpaka muhula ukaisha. Ijumaa iliyofuata hukuja. Tulikuwa tumepanga madawati, Bhoke ndiye aliyepanga mengi. Tulikaa mpaka mlinzi akaja kufunga.

Sasa sikiliza, mwanangu, kwa sababu nilianza kukwambia siku ile kwenye gari, ukasema, "Mama, tuache." Wewe ulikuwa unapakia vyombo, hukuyaona yaliyotokea mlangoni. Kina mama walinizingira. Hawakuwa wananicheka. Mmoja alikuwa amenishika bega kwa nguvu: "Mbona mmezima? Aliolewa au hakuolewa?" Mwingine akasema, "Alikuwa na macho ya kuondoka yule, hakuwa na macho ya kuolewa." Wakaanza kubishana wao kwa wao, pale pale juani, kuhusu mtu ambaye hayupo. Na mwalimu mmoja, mama mfupi mwenye miwani aliyekuwa amekuja kusalimia ndugu zake, alisimama akiwasikiliza muda wote, halafu akaniuliza, "Mwalimu wenu anaitwa nani?" Ndiye huyo huyo mkuu wa shule wa Bunda. Wewe umekuwa ukijiambia kwamba hakuwepo Butiama, kwamba angekuwepo asingekuita. Alikuwepo. Alisikia kila kigelegele, na bado anakutaka.

Nimefikiria sana kuhusu siku ile, na naona wale watu hawakukosea. Walisikia vizuri kabisa. Sisi ndio hatukujua tumesema nini. Muziki wa filamu hauanzii kwenye kinanda, unaanzia kwa watu waliokaa kwenye viti, kwa yale ambayo masikio yao yamekwisha kupitia. Ndilo jibu la swali la Bhoke la Ijumaa ya kwanza, nalo tulilipata kwa aibu.

Kuna jambo jingine, na hili hulijui. Wiki iliyopita mimi na Bhoke tuliihariri upya ile sehemu ya langoni kwenye simu yake. Safari hii nilikuwa nimemtuma Shangazi akamwombe yule mzee ruhusa, na mzee akasema kumbe ni mimi niliyekuwaga nyuma ya ua, alidhani ni mbuzi. Hatukuubadilisha wimbo. Tuliuacha uingie pale pale, Bhoke anapofika langoni na sanduku lake, ukiwa mchangamfu vile vile. Langoni njia zinagawanyika: kulia ni kwa wale wageni, kushoto ni barabarani. Anasimama. Litungu linaendelea, linamvuta kulia. Anaangalia huko. Kisha anapinda kushoto, na hapo hapo, katikati ya mstari wa wimbo, tukakata. Kimya. Zinabaki hatua zake na sanduku linalogonga goti.

Tulimwonyesha mama yake Bhoke sokoni, anakouzia vitenge. Hatukumwambia kitu. Litungu lilipoingia, akatabasamu, akainua mkono mdomoni apige kigelegele. Wimbo ukakatika. Mkono wake ukabaki hapo hapo hewani. Alitazama mpaka picha ikaisha, akaushusha mkono polepole.

"Kumbe huyu ameenda," akasema.

Akamwambia Bhoke akae, akamnunulia soda. Bhoke anasema hajawahi kununuliwa soda siku ya kawaida.

Huo muziki ni wako. Besi ni yako, na kumfuata mtu baada ya kuamua ni fundisho lako. Sisi tulikuwa tunamalizia tu. Kwa hiyo hao wasichana wa Bunda usiwapelekee ubao. Wapeleke langoni. Waulize mama zao wanapiga vigelegele wakisikia nini, na wananyamaza wakisikia nini. Watakucheka, ndiyo. Bhoke alikucheka sana na ndiye aliyepanga madawati.

Sijui mama yako angekwambia nini ulipokuwa unaenda seminari. Nimewahi kujaribu kuwaza, lakini nabaki na mimi mwenyewe, msichana wa kidato cha tatu asiyeweza kuomba chaki ofisini bila kutetemeka. Shangazi anasema hilo si tatizo. Anasema mtoto anayeondoka hahitaji mama mwenye maneno mengi, anahitaji kusikia neno lenyewe limetoka kwa mwenye jina. Basi mwenye jina anasema: nenda. Usimpigie yule mkuu wa shule kumpa udhuru. Nenda, mwanangu, nimekuruhusu kwa moyo wote, na palipobaki pengo siku ile ya seminari, ujue leo pamezibwa.

Jumatatu nina jaribio la fizikia, usinipigie mchana. Nipigie jioni. Sitakuuliza kama ulifundisha vizuri. Nitakuuliza jina la aliyekubishia.

Mama yako, ambaye kesho asubuhi atakuamkia kama kawaida na kujifanya hajaandika kitu,

Nyangeta